Anguko Bila Hesabu: Uwajibikaji wa Watawala katika Tamthilia ya Kiswahili Nchini Kenya

UTANGULIZI

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya umezoea kuieleza tamthilia hiyo kuwa sauti ya mnyonge dhidi ya mtawala. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini imerudiwa mara nyingi kiasi cha kulificha swali lililomo ndani yake: mnyonge huyo anamdai mtawala nini hasa? Anamdai aondoke, au anamdai aeleze? Aghalabu madai haya mawili huchukuliwa kuwa ni mamoja, ilhali yanaweza kutengana. Mtawala anaweza kuondoka asieleze lolote. Na yanaweza pia kuelezwa yote hadharani, naye asiondoke.

Makala haya yanachunguza jinsi swali hilo linavyoshughulikiwa katika tamthilia mbili zilizopata kuwa vitabu teule katika shule za sekondari, yaani *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege (2009) na *Kigogo* ya Pauline Kea (2016). Hoja kuu ni kwamba tamthilia hizi humpa raia anguko la mtawala mahali pa hesabu aliyoidai. Ili kulidhihirisha pengo hilo, zitalinganishwa na riwaya ya *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar ambaye kazi zake nyingi zimechapishwa Nairobi. Riwaya hiyo ina hesabu, lakini haina umma wa kuisikiliza.

Suala hili si la kitaaluma tu. Vijana wengi walioisoma *Kigogo* madarasani walikuwa miongoni mwa waliojaa katika barabara za katikati ya Nairobi mwezi Juni 2024, wakiupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Mhakiki anayefundisha tamthilia hizi hana budi kujiuliza zimewafunza vijana hao kudai nini.

KUWAJIBIKA NA KUTOA HESABU

Neno "uwajibikaji" limekubalika rasmi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 10, inauhesabu uwajibikaji miongoni mwa maadili ya kitaifa, bega kwa bega na uadilifu na uwazi. Hata hivyo, umbo la neno hili linastahili kutazamwa kwa makini. Limejengwa juu ya "wajibu", na kiambishi -ik- kinakifanya kitenzi chake kuwa cha hali: awajibikaye ni yule aliye chini ya wajibu. Kitenzi hiki hakidai yambwa. Mtu aweza kuwajibika peke yake, ndani ya dhamiri yake, pasiwepo yeyote wa kumwuliza.

Si ajabu, basi, kwamba katika lugha ya siasa za Tanzania neno hili limeelekea kumaanisha kujiuzulu. Ali Hassan Mwinyi aliuacha uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970 kutokana na vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola, na kitendo chake hutajwa mara kwa mara kama kielelezo cha kiongozi aliyewajibika. Heshima ya kitendo hicho haina ubishi. Lakini katika matumizi ya kila siku, kuwajibika kumekuwa ni kuondoka.

"Kutoa hesabu" ni jambo jingine. Hapa lazima pawepo kinachotolewa, na lazima awepo wa kukipokea. Hesabu haitolewi hewani. Wahenga walilijua hili waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii haimtaji mwizi. Inataja daftari na habari. Katika mantiki yake, msiba wa mwenye mali si kuibiwa tu, bali ni kutojua kilichopotea, kilipotea lini na kilipitia wapi. Mwizi anaweza kukamatwa na habari isipatikane. Tofauti hii baina ya mwizi na habari ndiyo itakayoongoza uchambuzi unaofuata.

MEYA WA CHENEO

*Mstahiki Meya* inasawiri mji wa Cheneo chini ya Meya Sosi. Zahanati haina dawa, wafanyakazi wa baraza hawalipwi ipasavyo, taka zimerundikana, na wakati huohuo Meya anajiandaa kuwakirimu wageni kutoka nje. Madiwani wawili humwitikia. Diwani wa Tatu humpinga. Daktari Siki hujaribu kumfungua macho. Msomaji wa Nairobi hahitaji ramani ili kuutambua mji huu. Mitaa kama Kangemi na Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, ambako watu wengi hununua maji kwa mtungi, imepakana na makazi ya wakwasi ya Loresho na Lavington. Raia wa huko huyaona kwa siku moja yale ambayo Arege ameyaweka katika jukwaa moja.

Nguvu ya mchezo huu imo katika nusu yake ya kwanza, ambapo swali la hesabu linaulizwa kwa namna ya kawaida kabisa. Mgonjwa anapokosa dawa katika zahanati ya umma, swali hujileta lenyewe: kodi ilikwenda wapi? Hili si swali la itikadi wala la tabia ya Meya. Ni swali la daftari, na jibu lake lingetakiwa kuwa na tarakimu.

Lakini mchezo unapokwenda mbele, swali hilo linapokonywa nafasi na njama ya kuiuza fimbo ya Meya, inayosukwa na Meya pamoja na rafiki yake Bili. Kifani, uteuzi huu ni wa busara. Fimbo huonekana, hushikika, na hubeba hadhi yote ya baraza. Kuiuza ni kuuza mamlaka yenyewe. Kimaudhui, hata hivyo, una gharama. Uporaji wa mji hauendeshwi kwa kubeba vitu vya thamani usiku. Huendeshwa mchana, kwa zabuni, mikataba, fidia na hati za malipo zilizotiwa sahihi. Fimbo ikichukua nafasi ya hati hizo katika kumbukumbu ya hadhira, wizi unageuka kuwa tukio, ilhali wizi wa umma ni utaratibu. Na tukio humalizwa kwa kumkamata mtu. Ndivyo mchezo unavyokwisha: Meya anatiwa nguvuni, hadhira inafarijika, na swali la dawa za zahanati linabaki pale lilipoachwa.

Historia ya jiji la Nairobi yenyewe inaonyesha upungufu wa faraja hiyo. Mwaka 1983 serikali kuu ililivunja baraza la jiji na kuweka tume ya kuteuliwa, iliyodumu hadi 1992. Cheo cha meya kilifikia kikomo ulipoanza mfumo wa kaunti baada ya uchaguzi wa 2013. Mwaka 2020 majukumu makuu ya kaunti yalihamishiwa kwa idara mpya iliyoongozwa na mwanajeshi, na gavana akaondolewa na bunge la kaunti na la seneti mwezi Desemba mwaka huohuo. Majukumu hayo yakarejeshwa 2022. Kila badiliko lilitangazwa kuwa ni tiba ya uozo uliotangulia. Kila badiliko pia lilimwachia raia ugumu uleule: aliyekuwapo ameondoka, na aliyepo anasema hayo si yake. Kubadilisha wakaaji wa City Hall hakujawahi kuwa sawa na kulifungua daftari lake.

SAGAMOYO NA LANGO LA SOKO

*Kigogo* imepiga hatua mbele kwa jambo moja muhimu: inaanza na hasara inayopimika. Soko la Chapakazi limefungwa, na wauzaji wamekatiwa riziki. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, ana mipango yake juu ya ardhi hiyo. Sudi anakataa kuuza ufundi wake wa kuchonga kwa ajili ya sifa za utawala. Mkewe Ashua anaumizwa na utawala huohuo. Tunu anawaongoza wanyonge hata baada ya kujeruhiwa. Ni vigumu kupata katika tamthilia ya Kiswahili mhusika wa kike aliyepewa uongozi wa kisiasa kwa uthabiti kama wa Tunu.

Ubunifu mkubwa zaidi umo katika hitimisho. Majoka anaamuru umati upigwe risasi, na Kingi, mkuu wa askari, anakataa. Kenga, mshauri wa siku zote, naye anamwacha bwana wake. Kea anaonyesha kwamba udikteta ni mnyororo wa utiifu, na kwamba pingu moja ikikatika mnyororo mzima hulegea. Huu ni uchambuzi wa kisiasa wa hali ya juu kuliko ule wa shujaa anayemshinda dhalimu kwa mkono wake.

Hata hivyo, yafaa kuuliza: Kenga anapovuka upande wa umma, anavuka akiwa na nini? Yeye ndiye aliyekuwa akijua yote. Alikuwa sikio na ulimi wa Majoka. Angeweza kuwa shahidi mkuu wa Sagamoyo, mtu wa kueleza nani aliagiza nini na kwa malipo gani. Mchezo haumdai hayo. Kuvuka kwake kunatosha kumwosha. Hapa ndipo anguko linapoizuia hesabu waziwazi: furaha ya kumwona mtawala ameachwa peke yake inawapa washirika wake msamaha ambao haukuombwa wala kutolewa na yeyote.

KARANI ASIYEKUWAPO

Kwa nini tamthilia hizi, zenye ujasiri mwingi, zinaliepuka daftari? Sababu moja ni ya kihistoria. Mwaka 1982 kikundi cha Kamiriithu kilifungiwa milango ya Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, kikazuiwa kuigiza *Maitu Njugira*. Katika mazingira kama hayo, waandishi walijikinga kwa istiari. Kithaka wa Mberia aliiweka *Kifo Kisimani* (2001) katika nchi ya Butangi, chini ya Mtemi Bokono. Arege akaunda Cheneo. Kea akaunda Sagamoyo, jina linaloitikia Bagamoyo. Istiari ni ngao njema. Lakini istiari hupenda mambo makubwa: kisima, fimbo, lango, chatu. Haina raha na mambo madogo kama tarehe ya hundi au jina la kampuni. Na hesabu hukaa katika mambo madogo.

Sababu ya pili inahusu aina ya mashujaa waliorithiwa. Mwelusi katika *Kifo Kisimani* anasalitiwa na nduguye Gege na kuuawa. Tunu anavunjwa mguu. Siki anahatarisha kazi yake. Wote ni mashujaa wa kauli na wa mwili. Tamthilia hizi hazina karani.

Ilhali historia ya Kenya inaye. Kashfa ya Goldenberg ya mapema miaka ya 1990, ambapo serikali ililipa fidia za mauzo ya nje ya dhahabu ambayo kwa kweli haikuwapo, ilifichuliwa kwa msaada wa nyaraka zilizotolewa na David Munyakei, mfanyakazi wa Benki Kuu ya Kenya. Hakuhutubia mkutano wala kuongoza maandamano. Alisoma karatasi zilizopita mezani pake, akaona haziwiani. Alipoteza kazi yake, na akafariki 2006 akiwa maskini.

Kuanzia 2003, tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire iliisikiliza kashfa hiyo hadharani katika jumba la KICC, katikati ya Nairobi. Kwa muda mrefu raia walifuatilia mashahidi wakiulizwa nani alitia sahihi wapi. Kwa kipimo cha drama, hiyo ilikuwa maonyesho makubwa kuliko yote: umma ulikuwapo na daftari lilikuwa wazi. Kilichokosekana ni tamati. Ripoti ilitolewa 2006, na hakuna waziri aliyetiwa hatiani. Jukwaani mtawala huanguka bila kueleza; pale KICC yalielezwa mengi na wakubwa hawakuanguka. Tamthilia ya Kiswahili bado haijaziunganisha nusu hizi mbili.

HESABU YA KISIWANI

Yamkini jibu la sehemu linapatikana katika fasihi ya visiwani. Mwaka 1995 shirika la East African Educational Publishers lilichapisha kazi mbili zinazosaidia hapa. Ya kwanza ni *Amezidi*, tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, ambamo Ame na Zidi wanaishi pangoni huku wakijiota katika ukwasi. Ya pili ni *Walenisi*, riwaya ya Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini bila mashtaka mwaka 1986. Katika *Walenisi*, Dzombo anahukumiwa na kurushwa angani, akatua katika nchi ambamo watawala na watawaliwa ni kitu kimoja, kama jina lenyewe linavyojieleza: wale ni sisi. Kwa Mkangi, hesabu si tukio la mwisho wa utawala. Ni desturi ya kila siku. Lakini ili aionyeshe, imembidi aiache dunia.

*Babu Alipofufuka* inabaki duniani, katika nchi isiyotajwa lakini yenye harufu ya bahari na kumbukumbu ya mapinduzi. K, kiongozi mwenye cheo na anasa, anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa, anayemchukua akayaone maisha ya watu aliowasahau. Jina la mhusika ni herufi moja, kama alama ya jalada la ofisini, na linamkumbusha msomaji K. wa Franz Kafka. Tofauti ni kwamba K. wa Kafka ni raia asiyeelewa ofisi inamtaka nini, ilhali K wa Said Ahmed Mohamed ni ofisi yenyewe, nayo sasa inaulizwa.

Umbo la riwaya hii ni umbo la ukaguzi. K hapinduliwi kwanza ndipo aulizwe. Anapelekwa mahali baada ya mahali, akionyeshwa kila kilichoharibika na nafasi yake ndani yake. Hapa mwandishi anaitumia akiba ya lugha ya pwani. Katika imani ya Kiislamu, siku ya kufufuliwa ndiyo siku ya hesabu. Said Ahmed Mohamed ameupindua mpangilio huo: anayefufuka si mdaiwa, ni mdai. Mfu amekuja kuidai hesabu kabla ya kiyama, kwa sababu walio hai wameshindwa kuipata. Na ni mdai asiyehongeka. Hana kazi ya kupoteza, hana shamba la kunyang'anywa, wala haogopi kufa.

Hata hivyo, ukaguzi huu unafanyika pembezoni mwa umma. Babu anazungumza na K, na ukweli unaopatikana unakaa zaidi katika dhamiri na ndoto za K. Wananchi wanaonekana, lakini hawapewi daftari walisome. Kwa maneno mengine, riwaya inarudi kwenye kuwajibika kwa ile maana ya sarufi iliyoelezwa hapo juu: hali ya mtu na wajibu wake. Tamthilia za bara zina umma usio na hesabu; riwaya ya kisiwani ina hesabu isiyo na umma.

PINGAMIZI

Huenda ikasemwa kwamba jukwaa si ofisi ya Mkaguzi Mkuu, na kwamba hakuna hadhira itakayokaa kusikiliza tarakimu. Pingamizi hili lina uzito, na mchezo uliojaa takwimu ungekuwa hotuba. Lakini kuna kielelezo kinachofahamika kwa wasomaji wa Kiswahili. Tamthilia ya Nikolai Gogol, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1836 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, haina mapinduzi wala maiti. Kisa chake chote kinasukumwa na hofu ya hesabu. Maofisa wa mji mdogo wanamdhania mpita njia kuwa ndiye mkaguzi, wanamhonga, na kwa kumhonga wanajifichua. Pazia linapoanguka, habari zinakuja kwamba mkaguzi wa kweli amewasili. Mchezo unaishia pale hesabu inapoanza, nayo hadhira inatoka na swali, si na faraja.

Kwa hiyo hesabu yaweza kuwa drama. Kinachotakiwa ni kuiona karatasi kuwa mahali pa mgogoro, sawa na lango la soko.

HITIMISHO

Mwezi Juni 2024 jambo lisilo la kawaida lilitokea Nairobi. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha nyingine za nchi, kisha wakaandamana. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo, na tarehe 11 Julai akalivunja baraza la mawaziri. Kufikia wakati huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imekwisha kutaja vifo 39. Kabla ya mwezi huo kwisha, baadhi ya mawaziri walioachishwa kazi walikuwa wameteuliwa upya.

Anguko lilikuja, kama lilivyokuja Cheneo na Sagamoyo. Lakini tofauti na tamthilia, maisha hayakufunga pazia, na ilionekana haraka kwamba mtu aliyeangushwa bila kuhesabiwa anaweza kuinuliwa tena akiwa safi. Vijana hao walikuwa wameanza na daftari. Walikwenda mbele ya fasihi waliyofundishwa.

Hili linaugusa ufundishaji moja kwa moja. Swali la mtihani limezoea kutaka "sifa na umuhimu" wa mhusika. Mwanafunzi hujibu kwamba Majoka ni katili na mbinafsi, na kwamba Sosi ni mlafi. Majibu hayo ni sahihi, na ndiyo tatizo. Yanaufanya utawala kuwa tabia, na tabia hutibiwa kwa kubadilisha mtu. Swali lingine lingewezekana: nani Sagamoyo alijua nini, alitia sahihi nini, na mbele ya nani hajaeleza? Kwa swali hilo Kenga angeonekana upya, na zahanati ya Cheneo isingesahauliwa katika onyesho la mwisho.

Waandishi nao wana kazi mbele yao. Babu amekwisha kufufuka kisiwani. Umma umekwisha kufika langoni Sagamoyo. Mchezo utakaowakutanisha wawili hao, pamoja na karani mmoja mwenye karatasi mkononi, bado haujaandikwa.